Umeniuliza Ninakula Nini

Kanyenye, Tabora
Mwezi wa kumi

Kwako Mama Salma, mke wangu,

Nakusalimu wewe kwanza kabla ya watu wote wa nyumba hiyo, halafu wengine wafuate kwa umri wao. Je, mguu wa mama umepoa? Na shemeji yangu, kaka yako, ameshalima, au bado amekaa barazani anaitazama mvua ambayo haijafika? Mimi huku mwili wangu ni mzima. Siumwi kichwa, siumwi tumbo, usingizi unakuja ninapouita. Nimesema mwili kwa sababu hilo ndilo ninaloweza kukuhakikishia.

Nimekuita Mama Salma. Huku mtaani, tangu tumzike binti yetu na wewe ukaenda kwenu, watu wameacha kuniita Baba Salma. Wananiita fundi, nadhani kwa kunihurumia. Mimi nimejaribu kukuita vinginevyo kwenye karatasi hii na mkono umekataa. Kama jina linakuumiza niambie, nitatafuta jingine, ingawa sijui nitalitoa wapi.

Barua yako imefika, nami nimeisoma. Haikunichukua muda. Umeniuliza ninakula nini kwenye joto hili la Tabora, na kama ninatoka nje kutembea au nimejifungia ndani. Kisha mwishoni, kama mtu anayetupa neno akiwa ameshafika mlangoni, ukasema niombe uhamisho nirudi pwani. Nitakujibu kwa mpangilio huohuo, maana yale mawili ya kwanza ni mepesi.

Kula, ninakula. Asubuhi natafuna matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kuanika ambavyo wewe ulisema ni sawa na kutafuna soli ya kiatu. Bado ni soli, Mama Salma, lakini ni soli tamu, na sukari imeadimika kwenye duka la ushirika, kwa hiyo chai ninaipiga kavu na tobolwa moja shavuni linatosha. Mchana karakana tunachangia ugali. Jioni najipikia. Treni ya Kigoma ikileta wale samaki migebuka nanunua, nawakaanga, kisha nawaunga kwa karanga. Nazi sijaionja tangu uondoke. Nilimwagiza dereva mmoja wa treni aniletee mbili kutoka Dar es Salaam, akaleta, nikavunja ya kwanza ikanuka nyumba nzima, nikavunja ya pili ikawa mbaya kuliko ya kwanza. Basi nimekuwa mtu wa karanga.

Siku ya kwanza nilipozitwanga, Bi Nyamizi, mke wa jirani yetu Maganga, alisikia kinu kinavyolia akachungulia juu ya ua. Unamjua. Zamani angenicheka mpaka mtaa wa pili wasikie. Safari hii aliingia polepole, akasema, "Shemeji, lete hapa mchi," akatwanga, akapepeta, akaniachia na kwenda zake. Hakunicheka hata kidogo. Nilikaa na zile karanga nikijiona kama mgonjwa.

Kama ni vya msimu, vyote nimevila. Embe bichi kwa chumvi na pilipili, nimekula. Matonga, yale matunda ya ganda gumu, yameiva porini, Maganga aliniletea gunia zima, nikayapasua kwenye kizingiti cha mlango kama ulivyokuwa ukinikataza. Nsansa, ile mboga ya majani ya kuanika, nimejifunza kupika. Uji wa ukwaju nakunywa karibu kila siku kwa sababu ya joto. Ungeniona ungesema mume wangu anastarehe. Ila nikueleze ukweli: chakula hakina ladha. Chumvi najua ipo kwa sababu nimeitia mwenyewe. Napika vizuri, nakula mpaka mwisho, naosha sahani.

Kutoka nje pia natoka. Jumamosi jioni nakwenda stesheni kuitazama treni ya abiria kama wafanyavyo watu wote wa mji huu wasiokuwa na safari. Wanawake wanavaa khanga mpya kwa ajili ya kuangalia wenzao wakishuka. Wauza asali wanapanga chupa zao, wauza karanga wanapiga kelele, treni inafika, inafungua milango, inaondoka, nasi tunarudi nyumbani kama tumekwenda mahali. Jumapili moja nilitembea kwa miguu mpaka Kwihara kwa ile njia ya zamani ya wapagazi. Nilikuwa nimesikia kuna kivuli kizuri. Kipo. Nikakaa chini yake, nikaona ni kivuli, nikarudi.

Sikwambii haya ili unionee huruma. Umeniuliza na mimi nakujibu. Sina huzuni ile ya kulia. Wenzangu karakana wanasema nimejikaza kiume, nami nawaacha wanisifu. Sijajikaza lolote. Ni kama mguu ulioulalia: unaugusa, unajua ni wako, haukwambii kitu.

Sasa nifike kwenye lile neno lako la mlangoni. Sikuhitaji hata kuomba. Mkuu wa karakana aliniita mwenyewe, akasema Dar es Salaam wanahitaji seremala wa mabehewa na jina langu limetajwa, kwa kuwa kwetu Maneromango si mbali na huko. Anataka jibu kabla mwezi haujaisha. Alingoja nifurahi. Nilimwambia ahsante, nikarudi kwenye randa yangu nikamaliza benchi la daraja la tatu nililokuwa nalitengeneza. Nafasi ya kurudi kwetu, iliyokuwa ikitufanya tuombe dua wewe na mimi, imekuja na kunikuta sipo.

Nilikaa nalo neno hilo siku kadhaa. Wa kumwambia alikuwa Maganga tu, na Maganga alikuwa amekwisha kuharibika.

Najua unamkumbuka alivyokuwa. Sisi Wazaramo na wao Wanyamwezi ni watani tangu babu zao walipokuwa wakibeba mizigo kupita kwetu kwenda pwani, na Maganga utani ameufanya kazi ya pili baada ya kutengeneza baiskeli. Unakumbuka alivyoingia ndani siku ya arusi ya mdogo wako akachukua sufuria la pilau likiwa motoni, akakaa nalo barabarani mpaka likombolewe? Mtu huyo, tangu msiba, amekuwa mpole. Ananiita "ndugu yangu." Anagonga hodi. Akinikuta nimekaa, anakaa, anauliza habari za kazi, anasema Mungu ni mwema, anaondoka. Sikujua kama upole unaweza kumchosha mtu hivyo. Kila akiniita ndugu yangu nilikuwa nawaza, basi kweli jambo limetokea, hata huyu ameniheshimu.

Jumapili iliyopita alikuja asubuhi na baiskeli mbili, moja ya mteja wake ambaye nadhani hakuulizwa. "Mwangaluka, ndugu yangu," akanisalimu kwa kwao, "twende Igombe, bwawani, tukapate upepo." Bi Nyamizi akapanda nyuma yake na kapu la vyakula, mimi nikabeba dumu la togwa. Njiani vumbi tupu, majani yamekauka, kila mahali kunanuka nyasi zilizoungua, lakini bwawani maji bado yapo na watoto walikuwa wanaoga. Tukanunua perege kwa mvuvi, Bi Nyamizi akawachoma hapohapo kwenye mawe. Kulikuwa na wali wa mchele mpya wa huku, nsansa, maembe, na asali iliyotoka kwa ndugu zao Urambo. Mama Salma, ilikuwa siku nzuri. Naisema kwa kuwa niliiona. Upepo ulikuwepo, samaki walikuwa wameiva sawasawa, nami nikawasifu.

Tulipokwisha kula nikamweleza Maganga habari ya uhamisho. Akaendelea kuchokonoa jino kwa mwiba wa perege, anayatazama maji. Nilidhani atasema Mungu ni mwema.

"Kumbe Mzaramo anakimbia," akasema.

Nikamjibu sijatoa jibu bado.

"Nenda zako, mtani, nani kakushika? Babu zangu walibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka kwenu, mabega yakachubuka, na nyinyi mkawauzia maji ya kisima kama mnauza asali. Nenda. Lakini yule mtoto haendi."

Bi Nyamizi akasema, "Wewe Maganga!" akaziba mdomo kwa khanga.

"Haendi," akasema. "Kwani yule ni Mzaramo? Kazaliwa hapa, kazikwa hapa. Nazi hakuijua, alikuwa anatafuna karanga kama panya. Mnyamwezi yule! Panda treni na mkeo, sisi tunabaki na binti yetu. Ukimtaka, mkomboe kwa jogoo."

Sikumbuki nilivyosimama. Nakumbuka dumu lilikuwa mkononi na togwa yote ilikuwa inamshukia Maganga kichwani, kwenye masikio, kwenye shati lake la Jumapili. Nililikung'uta mpaka machicha ya mwisho. Watoto waliokuwa wanaoga wakaacha kuoga. Nilikuwa na hasira, mke wangu, hasira ya kweli, ya kumkaba mtu, na maneno niliyomwambia siwezi kuyaandika kwenye barua ambayo mama yako ataomba asomewe.

Naye Maganga alikaa vilevile, togwa inamchuruzika ndevuni, akailamba. "Haijachacha vizuri," akasema.

Hapo ndipo Bi Nyamizi alipoanza kucheka na kulia kwa pamoja, na mimi nikaketi chini na dumu langu tupu. Maganga alijifuta uso kwa upande wa shati. Akasema, si kwa utani sasa: "Siku ile ya msiba nilikuja na maneno yangu mdomoni. Nikamwona mkeo, nikashindwa. Mtani asiyetania msibani ni jirani tu, wa kuleta kuni. Nimekuwa nikikuona unavyokwenda na kurudi kama mtu aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa, nikajua kazi yangu niliiacha."

Nilikuwa bado namchukia, na niliona vizuri kumchukia, maana ni kitu nilichokuwa nacho.

Tuliporudi mjini jua likiwa limelegea, alisimamisha baiskeli kwenye njia ya makaburini akamwambia mkewe atangulie kwa miguu. Mimi kule sikuwa nimerudi tangu siku tuliyozika. Nilikuwa nikisema kazi nyingi. Tukaingia, na sasa nitakwambia jambo ambalo lingekuwa rahisi kukuficha. Sikumwona.

Sikumwona, Mama Salma. Tulizika wakati wa mvua, majani yakiwa mabichi, udongo mwekundu. Sasa moto wa nyasi umepita pale na kila kitu ni cheusi na kijivu. Vikaburi vidogo viko vingi upande ule, vyote vimedidimia, vingine mawe yamehamishwa. Nilikwenda pale nilipodhani ni penyewe, nikakuta cha mtu mwingine. Nikahesabu safu kutoka kwenye mwarobaini, nikakosea, nikaanza upya. Maganga alikuwa anatafuta upande wa pili ameinama, anasema peke yake, "Fundi gani huyu asiyeijua kazi yake mwenyewe?" Maana kile kibao nilikichonga mimi, mninga mzuri, nikakipigilia mwenyewe. Nami namrudishia matusi kule niliko, tunatukanana juu ya makaburi ya watu kama wendawazimu wawili.

Alikiona yeye. Kibao kimeungua upande mmoja na kimelala kifudifudi. Tulikiinua. Maganga akachuchumaa, akaanza kung'oa mashina ya nyasi kwa mkono. Akasema kule kwao Bukene, mama yake na ndugu zake walipohamia kijiji cha ujamaa, makaburi ya baba zake yalibaki mahameni. Mwaka wa kwanza walikwenda kuyapalilia. Mwaka wa pili hawakuyaona tena. "Watu wazima wanne tunazunguka porini tunabishana," akasema, "huyu anasema hapa, huyu anasema pale, hata mama hajui." Alilisema hilo bila mzaha wowote, na mimi nikaendelea kung'oa nyasi.

Sikulia. Najua utauliza. Lakini nilipofika nyumbani niliona njaa, nikapasha migebuka wa jana, nao walikuwa wamezidi chumvi. Nilikula nikilalamika peke yangu.

Jumatatu nilikwenda kwa mkuu wa karakana nikamwomba angoje kidogo. Alikunja uso, akasema mwisho wa mwezi hausogei kwa ajili ya mtu. Nikamwambia mke wangu hajasema neno lake. Akanitazama kama ananifikiria vingine, akakubali kungoja mpaka treni ya juma la mwisho la mwezi.

Kwa hiyo jibu langu kwa neno lako la mlangoni ni hili. Sikatai kurudi. Ukisema turudi, nitafunga vyombo, na pale karakana wapo maseremala vijana wanaoitaka nafasi yangu. Ukisema tubaki, tutabaki, na mama nitamwomba radhi mwenyewe. Lakini sitaki tulimalize kwa barua, wewe kule, mimi huku, na yeye katikati bila wa kumsemea. Njoo kwanza. Ndani ya bahasha hii nimekuwekea pasi ya treni ya mke wa mfanyakazi, na kaka yako akikuleta mpaka stesheni ya Dar es Salaam inatosha, yule dereva wa nazi mbovu atakuangalia njiani. Njoo kabla mvua hazijaanza. Zikianza, majani yatarudi juu ya kila kitu.

Uje ukiwa umejua ninakokupeleka. Wewe ulimsindikiza mpaka mlangoni tu, sisi wanaume tukaondoka naye, na mpaka leo hujui alipolazwa. Sikukusimulia, na wewe hukuniuliza. Nimemwendea maalim wa msikiti wetu kumuuliza kama mama anaweza kuzuru kaburi la mwanawe. Akaniuliza, "Atapiga mayowe?" Nikamwambia simjui mke wangu kiasi hicho siku hizi. Maalim akasema, "Mlete."

Chakula usiwe na wasiwasi, utanipokea mchi nami nitafurahi. Embe zitakuwa zimeiva kabisa. Maganga amekwisha kuniambia ataishika mizigo yako palepale stesheni mpaka uikomboe, basi uje na chochote, hata kuku wa njiani, asije akatuaibisha.

Mfikishie mama shikamoo yangu, mwambie mkwewe anaukumbuka mguu wake kwenye kila dua. Kaka yako nampa mkono, na shamba alilime. Mdogo wako mwenye arusi ya pilau mwambie mtani wake hajabadilika, alikuwa amepotea njia tu. Bibi mzaa mama mpe pole ya macho, na kama bado anawaona watu kwa sauti, msomee barua hii polepole, lakini ukifika pale kwenye togwa, ruka.

Kibao kipya nimeshakikata, cha mninga tena, kinene zaidi. Sijakipigilia, nakungoja. Mimi nimepapoteza pale mara moja, Mama Salma, na bado mwaka haujapita. Njoo nikuonyeshe, ili hapa duniani tuwe wawili tunaopajua.

Mumeo,
Athumani